Pikapu Iliyolala Nyuma

Jua lilikuwa limebaki kidogo tu juu ya michungwa ya Maramba wakati Rafaeli alipowasha pikapu yake. Sele fundi akaingia upande wa pili, amenuna, kaukumbatia mfuko wa spana kama mtu aliyekwenda kuchukua vyombo vyake kwa mtalaka.

"Mara hii tu," Sele alisema. "Ukija tena na hadithi zako za mtetemo, tafuta fundi mwingine."

"Na wewe ukinirudishia gari bovu tena, nitajua zile krosi mpya nilizokuletea umezifunga kwenye gari la nani."

Hivyo ndivyo walivyokuwa wakisemezana siku hizo. Walikuwa wamecheza mpira timu moja na kusimamiana harusi, lakini pikapu ile ilikuwa imewageuza maadui. Rafaeli alimwona Sele mwizi. Sele alimwona Rafaeli mwongo, na mwenye kichwa kibovu kuliko gari lake.

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, la difu mbili, linalovuta kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, rangi imebaki kwenye milango tu. Lakini ndilo lililobeba machungwa kutoka mashambani hadi Tanga, na machungwa ndiyo yaliyomlisha Rafaeli, mkewe Ritha na binti yao Praxeda, aliyekuwa ndiyo kwanza anang'oa meno ya mbele. Sasa wenye machungwa walikuwa wameanza kumkwepa. Mzigo aliousafirisha usiku ulifika mjini umepondeka. Kila alipokanyaga moto, kitu kilianza kutetemeka chini ya miguu yake, kikapanda kwenye kiti, kikaingia kwenye usukani, na mwisho kikamgonganisha meno mwenyewe. Akipunguza mwendo, kinatulia. Akiongeza, kinarudi.

Sele alikuwa ameanzia kwenye matairi, kama fundi yeyote mwenye akili. Akayapeleka mjini yakapimwe mizani. Yako sawa. Akafungua propela, lile bomba refu la chuma linalozunguka chini ya gari kupeleka nguvu kwenye difu ya nyuma, akabadilisha krosi zake, vile viungo vinavyoiruhusu ikunjike. Akabadilisha beringi ya katikati. Akafungua propela ya mbele kabisa na kuitupa uani, gari likaenda kwa difu moja. Kila baada ya kazi aliendesha mwenyewe asubuhi hadi darajani na kurudi, na kila asubuhi gari liliteleza kama limepakwa mafuta barabarani. Jioni Rafaeli alirudi akitukana.

Ndiyo maana jioni ile walikwenda wote wawili.

Waliuacha mji nyuma. Barabara ya vumbi ilikuwa imenyooka, na Rafaeli akakanyaga. Hakuna kitu. Akaongeza. Usukani ukatulia mikononi mwake.

"Eeh!" Sele alicheka kwa dharau. "Uko wapi huo mtetemo? Mie nimeacha kazi zangu kuja kupandishwa gari zima!"

Rafaeli hakujibu. Jasho lilikuwa likimtoka kwa aibu. Nyuma yao adhana ya magharibi ilisikika kwa mbali, ikapotea kwenye upepo. Jua likazama.

Kwanza ilikuwa kwenye nyayo.

Kisha kiti.

Kisha usukani ukaanza kumtetemesha Rafaeli hadi kwenye mabega, na spana zikagongana ndani ya mfuko mapajani mwa Sele. Kicheko kikamwisha.

"Toa gia," alisema. "Liache litembee lenyewe."

Rafaeli akatoa gia. Gari likaserereka, na mtetemo ukaserereka nalo.

"Si injini basi. Simama. Simama, nimekwambia!"

Sele alishuka, akawasha tochi, akaingia uvunguni. Rafaeli alibaki ameshika usukani. Alisikia mchanga ukikwaruza chini ya mgongo wa fundi. Halafu hakusikia kitu tena kwa muda mrefu...

"Rafaeli."

Sauti ilikuwa ya chini.

"Umepakia nini?"

"Sijapakia kitu."

"Usinidanganye. Springi zimelala. Nyuma kumekaa chini kama una simenti hapo juu. Propela imejikunja kwenye krosi hadi mwisho, lazima itetemeke. Hili gari lina mzigo, bwana wee."

Rafaeli alishuka. Walitazama pamoja. Bodi ilikuwa tupu. Lilikuwamo turubai moja tu, limekunjwa karibu na kibini cha dereva. Sele alishika ukingo wa bodi, akausukuma chini kwa nguvu zake zote, jinsi mafundi wanavyopima springi. Haukunesa. Akapanda juu ya bampa, akaruka. Haukunesa.

Hapo ndipo harufu ilipowafikia. Karafuu maiti. Kavu, kali, ya kupanda puani hadi kichwani, ile ya nguo zilizofungiwa sandukuni na ya watu waliokwishaoshwa.

Sele alilimulika turubai. Lilikuwa limebonyea katikati.

Walipokuwa wanatazama, pale palipobonyea pakajaa taratibu, na pembeni yake, upande wa Rafaeli, pakabonyea.

Sele alizima tochi. Alishika mkono wa Rafaeli, akamvuta hadi upande wa pili wa barabara, na sauti yake sasa ilikuwa kama ya mtu anayezungumza kwenye chumba cha mgonjwa.

"Ulimbeba nani?"

"Mzee mmoja. Wa kule juu, Kwemtindi. Wazee wa usharika waliniomba nimtoe mochwari, nimpeleke kwao akazikwe."

"Lini?"

"Kabla ya mtetemo kuanza." Rafaeli aliyasikia maneno yake mwenyewe yakitoka.

"Na kule, walimshusha?"

Rafaeli akageuka kuitazama bodi.

"Mie si mtu wa huko," Sele alisema, "lakini nimekula nao misiba. Wana neno lao wanalolisema. Nakuuliza, walilisema?"

Hawakulisema.

Kwemtindi ni kitongoji kidogo, nyumba chache zilizoning'inia kwenye mteremko wa kuelekea Amani. Kule maiti hashushwi hivi hivi. Ndugu wa damu hugonga mlango wa bodi kwa kiganja na kumwambia, kama anavyoambiwa mgeni yeyote: "Karibu. Umefika kwenu. Shuka." Ndipo jeneza linapoguswa. Rafaeli aliujua utaratibu huo, maana alikuwa amebeba wengi. Siku ile alifika na mzee Hosea jioni, akasimamisha gari, akasubiri. Watu walitoka majumbani wakasimama mbali, mikono nyuma. Hakuna aliyelia. Hakuna aliyesogea. Dada wa marehemu, bibi Kristina, alikuja hadi kwenye bodi, akatazama jeneza, akatema mate chini.

"Uliyemleta," alimwambia Rafaeli, "ondoka naye."

Mwishowe mzee wa usharika na Rafaeli walilikokota jeneza wenyewe, wakalizika pembeni ya shamba la watu wasiotaka hata kutazama. Rafaeli alirudi akisonya njia nzima kwa ukatili wa watu wa milimani. Kuhusu neno lao hakulifikiria kabisa. Maiti si ameshazikwa?

Mwili ndio uliozikwa.

"Uani kwangu usiliingize tena," Sele alisema, akiokota mfuko wake. "Nina watoto."

"Sele, nikupe hata lifti tu hadi mjini..."

"Natembea."

Na akatembea kweli, gizani, mtu mwoga wa nyoka kuliko wote Maramba. Rafaeli aliliegesha gari karibu na mizani ya machungwa, mbali na nyumba yoyote, akaenda kwake kwa miguu. Ritha alipouliza gari liko wapi, alisema bado liko kwa fundi. Hakutaka kumtia hofu. Alijiambia atamweleza yote yakishakwisha, wakicheka.

Kesho yake alipanda Kwemtindi. Mchana gari lilikuwa jepesi, na kwa muda karibu aamini kwamba wote wawili walikuwa wamepatwa na wazimu barabarani. Bibi Kristina alikuwa uani akianika mahindi. Rafaeli alivua kofia.

"Shikamoo, bibi."

Kimya.

Alirudia, akidhani hakusikia. Bibi akaendelea kutandaza mahindi kwa viganja. Rafaeli hakuwahi maishani mwake kunyimwa marahaba na mtu mzima, na ilimuuma kuliko kofi.

"Bibi, nimekuja kwa ajili ya kaka yako. Yumo garini mwangu. Sihitaji kitu kingine. Nakuomba ugonge tu bodi, umwambie ashuke."

"Hapa hashuki."

"Ni ndugu yako!"

Bibi Kristina aliinua uso. Macho yake yalikuwa makavu, yamechoka, na hayakuwa na huruma hata chembe.

"Wewe una mtoto?"

"Ninaye. Mmoja."

"Mimi nilikuwa na wawili. Hosea alikuja kututembelea. Nikamkaribisha, nani asiyemkaribisha kaka yake? Akala. Akalala chumba kimoja na wanangu. Asubuhi wa kwanza hakuamka. Baada ya matanga akaja tena kunifariji, nikamkaribisha tena, mjinga mimi. Wa pili naye hakuamka." Alizungumza bila kupandisha sauti. "Tulipomfukuza akateremka huko pwani, kutoka nyumba hadi nyumba. Hakuwahi kuvunja mlango wa mtu. Hakuingia asipokaribishwa. Lakini nyinyi wa huko chini mnakaribisha kila mtu, eti?"

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Sijui. Ila usimfikishe kwako. Atakapoambiwa karibu, hapo ndipo kwao."

Rafaeli alipiga magoti. Hilo halikusaidia, lilimkasirisha tu. Majirani walikuwa wameshatoka, wameshika majembe, na mmoja wao alirusha donge la udongo likapasukia kwenye kioo cha mbele. "Mwondoe!" mwanamke alipiga kelele. "Mwondoe huyo mtu wako!" Mtu wako. Rafaeli alirudi garini akitetemeka kwa hasira, na kwenye kona ya chini akakuta wameshamlazia gogo barabarani, kumwadhibu au kumkomoa, hakujua. Alilisukuma peke yake huku akiwalaani hadi mababu zao. Lilimchukua muda wote aliokuwa nao.

Jua lilizama akiwa bado mlimani.

Alisikia springi zikilala. Kriiii... taratibu, kama anavyopanda mtu mzima asiye na haraka. Kibini kikajaa karafuu maiti. Rafaeli hakutazama kwenye kioo. Aliendesha polepole njia nzima, meno yakigongana, akisali sala zote alizofundishwa na kuzichanganya, na alipofika njia panda ya chini ya kwao alisimama. Zaidi ya hapo hapiti. Atakaa humo hadi kupambazuke, kisha alipeleke gari mbali, alisukume korongoni ikibidi. Njaa watakayoipata wataipata. Praxeda atakuwa hai.

Alifunga vioo, akakaa.

Bodaboda mmoja alipita, akapunguza mwendo, akammulika, akaendelea kupanda. Rafaeli hakumjali. Alikuwa akisikiliza nyuma. Turubai lilikuwa likichakarika kidogo, likitulia, likichakarika...

Halafu akaona mwanga wa simu ukiteremka kwenye njia ya nyumbani.

Ritha. Amejitanda khanga, na mkononi ana hotpoti.

Rafaeli alifungua mlango kwa haraka hadi akajigonga. "Rudi! Ritha, rudi nyumbani!"

"Nirudi nini? Yule wa bodaboda kanipitia sasa hivi, kasema umeharibikiwa hapa chini, na una mzee mgeni nyuma." Alikuwa ameshafika, anahema, anatabasamu kwa lawama. "Ndiyo mambo gani hayo, Rafaeli? Wewe umejifungia kibini, mzee wa watu umemwacha nyuma kwenye baridi?"

"Mzee gani?" Rafaeli alinong'ona.

Lakini Ritha alikuwa ameshampita. Ritha hakuwahi kumwacha mtu mlangoni. Mwuza vyungu, mwenda kwa miguu, mwendawazimu wa sokoni, wote walikula kwake. Ndiyo tabia iliyomfanya Rafaeli ampende. Aliinua simu, akamulika bodi, akainama kidogo kama anavyoinamiwa mkubwa.

"Ritha, usi—"

"Shikamoo, baba. Karibu. Karibu sana nyumbani, shuka."

Upepo ulikuwa umesimama.

"Marahaba."

Springi zilipanda. Rafaeli aliziona kwa macho yake, nyuma ya gari ikainuka, ikanesa, ikatulia. Mchanga ulikwaruza. Kisha majani ya pembeni mwa njia yakasikika yakikanyagwa, kuelekea juu. Kuelekea kwenye taa.

"Mbona katangulia?" Ritha alishangaa. "Na njia anaijua?"

"Praxeda yuko na nani?"

"Amelala. Si hapo tu, nimetoka dakika..."

Rafaeli alikuwa ameshaanza kukimbia.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani taa inawaka, sahani ya mgeni imefunikwa mezani, haijaguswa. Alisukuma pazia la chumba cha mtoto. Praxeda alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, kile Ritha alichorithi kwa bibi yake, lakini hakulala katikati alipozoea. Alikuwa amejibana ukutani, kama mtoto aliyesogezwa. Upande wake wa pili, kamba zilikuwa zimening'inia hadi karibu na sakafu. Hapakuwa na mtu. Zililia kidogo, kriiii, kama mtu anayejigeuza atazame ni nani aliyeingia.

Karafuu maiti.

Rafaeli alimnyakua mtoto. Alikuwa na joto. Anapumua! Alitoka naye akipishana na Ritha mlangoni, na Ritha alipomwona macho yake alimng'ang'ania shati. "Unampeleka wapi mwanangu? Una wazimu? Kuna mgeni ndani!" Alimsukuma. Hakuwahi kumsukuma mkewe. Ritha alianguka kwenye kizingiti, na kelele zake za kuwaita majirani zilimfuata Rafaeli hadi njia panda.

Alimweka Praxeda kwenye kiti cha kushoto, akawasha gari, akakanyaga.

Pikapu ikateleza. Aliongeza mwendo, na usukani ukatulia kama asubuhi za Sele. Akatoa gia, akarudisha gia, akapita mizani ya machungwa, akapita kwa Sele palipofungwa makomeo mawili. Hakuna kitu. Hakuna harufu. Rafaeli alianza kulia kwa sauti, bila haya, akicheka katikati ya kilio. Amebaki nyumbani. Kakaribishwa nyumbani, kabaki nyumbani! Atamwita Ritha atoke, waiache nyumba ile na kila kilichomo, wakaanze upya popote.

Praxeda aliamka. Alijinyoosha, akamtazama baba yake, akatazama dirisha lililokuwa giza.

"Baba, tunakwenda wapi?"

"Mbali, mama. Tunahama."

"Sisi sote?"

"Sisi sote."

Mtoto akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Kisha akajikunyata, akasogea karibu na gia, akakiacha kiti karibu chote wazi.

Kwanza ilikuwa kwenye nyayo.

Rafaeli alitazama kwenye kioo. Bodi ilikuwa tupu, nyuma imeinuka kama inavyotakiwa. Lakini taa za mbele zilikuwa zikimulika upande, na gari lote lilikuwa limelalia kushoto.

"Nimempisha babu," Praxeda alisema kwa usingizi. "Kasema siku hizi hakai nyuma. Kasema yeye ni wa nyumbani."